Barua za marehemu baba kuhusu manowari na nyambizi: nimwamini nani, na nizitunze vipi?

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Makole, Dodoma mjini. Baba yetu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alifariki mwaka juzi. Tulijua ana sanduku la bati chini ya kitanda ila hatukujua lina nini. Kumbe ni barua. Kwa miaka mingi alikuwa akiandikiana na wenzake wachache, wote wapenzi wa historia ya manowari na nyambizi: mwalimu mstaafu wa Kondoa, fundi wa meli wa Kigoma, mzee aliyefanya kazi bandarini Tanga na mwingine wa Mombasa. Wenyewe walijiita klabu. Nimezisoma nyingi na sasa sijui nishike lipi. Watatu wanasema nyambizi ya Wajerumani ilijificha Rufiji. Wa Kigoma anasema meli nzima ilipita hapa Dodoma kwa treni. Wa Kondoa anasema mzinga wa manowari ulipigwa kwao, wakati kwao hakuna hata ziwa la maana. Kubwa zaidi ni mdogo wake babu, aliyechukuliwa jeshini wakati wa Vita vya Pili, akawekwa kwenye kikosi cha mizinga na hakurudi. Baba alimtafuta maisha yake yote. Wa Kondoa anaandika kwamba meli yake ilizamishwa na nyambizi ya Mjerumani karibu na Unguja. Wa Mombasa anasema ni Mjapani, mbali kabisa, mwaka 1944. Kaka anataka barua zote zipigwe laminesheni, halafu tuzirushe kwenye kundi la ukoo. Shangazi anasema tuzichome, zinarudisha majonzi. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole. Sanduku la mzazi likifunguliwa, msiba hurudi upya hata kama matanga yaliishaondolewa.

Umeuliza mambo mawili: nani mkweli kati ya hawa wazee, na karatasi zao zitunzwe vipi. Watu huyaona kuwa maswali mawili, moja la mwanahistoria na jingine la mtunza nyaraka. Kwa sanduku lako ni swali moja. Jinsi mtakavyozishika barua hizo wiki hii ndivyo itakavyoamua kama mtaweza kuujua ukweli uliomo au la. Nitakuonyesha kwa hizo hizo hoja ulizonitajia.

Ila kwanza mzuie kaka. Mashine ya laminesheni huyeyusha plastiki kwa joto na kuigandisha kwenye karatasi pande zote mbili. Ikishashika, haitoki. Barua za ndege za zamani, zile za karatasi nyembamba ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, ndizo huumia kuliko zote, maana karatasi ni laini na gundi yake haikutengenezwa kwa joto. Siku plastiki itakapoanza kuchakaa, barua itakuwa imo ndani na hakuna fundi atakayeitoa bila kuichana. Seloteipu nayo msiiguse. Gundi yake huingia kwenye karatasi na kuacha doa la kahawia. Pini na vibanio vya chuma vilivyoshika kutu vitoeni taratibu kwa mkono, msivivute. Na bahasha msitupe hata moja. Barua isiyo na tarehe, bahasha yake yenye mhuri wa posta ndiyo tarehe yake.

Sasa tuje kwa wazee wenyewe, na nianze na lile ambalo naona umelitilia shaka kuliko yote.

Mzee wa Kigoma amesema kweli. Meli ilipita Dodoma kwa treni. Wajerumani waliijenga reli kutoka Dar es Salaam. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Wakati huo huo, kwenye karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, iliundwa meli iliyoitwa Graf von Götzen, yenye urefu wa karibu mita 70. Ilipokwisha kuundwa ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kutoka hapo ikapelekwa Kigoma kwa reli. Reli ya kwenda Kigoma ni moja tu. Makasha yale hayakuwa na njia nyingine isipokuwa kupita stesheni ileile ambayo bila shaka baba yako aliijua vizuri. Ikaunganishwa tena ziwani na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916, walipoona Kigoma inawaponyoka, Wajerumani wenyewe waliizamisha, baada ya kuzipaka injini grisi ili zisioze. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ambalo kila mtu wa Kigoma analijua: Liemba.

Kwa hiyo barua za huyo fundi zitenge kwa heshima ya pekee. Kama alitia mikono yake kwenye meli hiyo, kila anachoeleza kuhusu chumba cha injini, sauti, vipuri vilivyobadilishwa na majina ya kazi za mabaharia ni ushahidi wa macho, na ushahidi wa aina hiyo ni nadra kupatikana vitabuni.

Mwalimu wa Kondoa naye, kuhusu mzinga, hakukosea. Mzinga huo ulitoka kwenye Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyofika Dar es Salaam katikati ya mwaka 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliivamia manowari ya Waingereza iitwayo Pegasus bandarini Unguja na kuizamisha. Kisha ikaingia kwenye delta ya Rufiji kujificha, Waingereza wakaifungia humo kwa miezi. Hatimaye waliingiza Severn na Mersey, manowari mbili zilizoundwa kupita maji ya kina kifupi, zikaishambulia tarehe 6 Julai 1915 na tena tarehe 11 Julai. Siku hiyo ya pili mabaharia wa Königsberg waliizamisha meli yao wenyewe. Lakini mizinga yake kumi ya milimita 105 waliitoa majini, wakaifanyia ukarabati Dar es Salaam na kuitengenezea magurudumu ya kutembelea nchi kavu. Mmoja ulipanda juu ya Graf von Götzen. Mingine ilitawanyika kwenye uwanja wa vita, ikivutwa kwa kamba na mamia ya watu, na walioivuta ni watu wetu.

Kondoa ilikuwa njiani. Majeshi ya Afrika Kusini chini ya Van Deventer yaliiteka Aprili 1916, na mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, akaja kujaribu kuirudisha. Shambulio lake la usiku lilishindwa, lakini mapigano yaliendelea kwa majuma kadhaa, na mzinga wa Königsberg ulipiga Kondoa. Mwisho wa Julai Waafrika Kusini wakashuka hadi Dodoma. Hivyo, mwalimu akiandika kwamba kwao walionekana mabaharia wa Kijerumani milimani, usidhani alichanganyikiwa: mabaharia waliokosa meli waligeuzwa askari wa nchi kavu. Mzinga mmoja wa manowari hiyo unaweza kuuona hata leo ndani ya Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria.

Angalia pia kama mwalimu anaitaja njaa. Wazee wa Ugogo na jirani zao hawakuhesabu kwa kalenda, walihesabu kwa matukio, na Mtunya, ile njaa kuu iliyofuata vita kupita na kukomba ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, ni alama imara ya wakati. Habari ya mzee aliyesema jambo fulani lilitokea kabla ya Mtunya ina thamani kuliko ya mtu aliyeandika tu "zamani za Mjerumani".

Sasa la Rufiji. Hapa watatu wamekubaliana, na wote watatu wamekosea. Hakukuwa na nyambizi ya Wajerumani Rufiji. Kilichokuwapo ni hiyo Königsberg, na hiyo ni meli ya juu ya maji, ndefu zaidi ya mita 100, yenye mabomba matatu ya moshi.

Ni vizuri ujue kwa nini haikuwezekana, ili ukikutana na dai jingine la namna hii uweze kulipima mwenyewe. Nyambizi ya zama hizo ilikuwa chombo kinachosafiri juu ya maji kwa injini ya mafuta na kuzama kwa muda tu. Ikiwa chini haiwezi kuwasha injini hiyo kwa sababu injini inahitaji hewa. Inaendeshwa na betri, na betri zikiisha lazima iibuke izichaji upya. Inahitaji mafuta, inahitaji kituo cha matengenezo, na inahitaji kina cha kutosha cha kujificha. Rufiji ilikuwa na mikoko, mchanga unaohama na maji yanayopanda na kushuka. Nyambizi ingezama wapi humo? Na kufika kwenyewe: mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza, na njia ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema haikuwa na bandari hata moja ya kuwapokea. Wajerumani walipotaka kuwapelekea wenzao risasi na dawa, walituma meli za mizigo zilizojibadilisha sura. Rubens ilifika ghuba ya Mansa karibu na Tanga Aprili 1915, na Marie ilifika Sudi Machi 1916. Novemba 1917 walifikia hatua ya kurusha meli ya anga, yaani puto kubwa lenye injini, iitwayo L59, kutoka Bulgaria. Ikafika juu ya Sudan na kugeuzwa. Watu wenye nyambizi ya kufika Rufiji wasingehangaika hivyo.

Utauliza, mbona watatu, tena wasomaji wazuri, wanasema kitu kimoja? Hapa ndipo utunzaji na ukweli vinapokutana. Zipange barua zote zinazotaja nyambizi ya Rufiji kwa tarehe ya mhuri wa posta. Natarajia utaona kwamba mmoja aliandika kwanza, labda baada ya kusoma gazeti au kuona picha ya mabaki ya Königsberg yamelala ubavu nusu ndani ya maji. Wa pili akamwandikia baba kama habari yake mwenyewe. Wa tatu akaipokea kwa wa pili. Baba akaletewa jambo lilelile kutoka Tanga, Kondoa na Mombasa, akaona mashahidi watatu, kumbe shahidi ni mmoja na hao wengine ni mwangwi wake.

Kuna alama ya kulithibitisha hilo: tafuta kosa wanalolishiriki. Watu wawili wakisema ukweli uleule, huenda kila mmoja aliuona kwa njia yake. Lakini wakikosea jina la nahodha kwa herufi zilezile, au wote wakitaja mwaka uleule usio sahihi, basi mmoja amenakili kwa mwenzake. Ukizitoa barua kwenye bahasha zake, ukazichanganya, ukazipanga kwa mada au kwa uzuri wa mwandiko, alama hiyo unaifuta kabisa na hakuna atakayeweza kuirudisha. Kwa hiyo zitunzeni jinsi baba alivyoziacha. Kila kifungu alichokifunga kwa uzi, kiacheni pamoja. Andikeni namba nyuma ya kila karatasi, pembeni, kwa penseli laini, kabla hamjahamisha hata moja.

Na kila sentensi yenye dai, ijengee tabia ya kuiuliza: huyu amejuaje? Aliona, aliambiwa, au alisoma? Wazee wa aina hii husema wenyewe, ukitazama vizuri. Weka alama tatu tofauti kwenye daftari lako, si kwenye barua.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hazilitambui mpaka limechelewa. Sanduku lako lina barua alizopokea baba. Alizoandika yeye haziko humo, isipokuwa kama alikuwa akiweka nakala ya kaboni. Ziko Kigoma, Tanga, Kondoa na Mombasa, katika masanduku ya watoto wa hao wazee, na huenda huko nako kuna kaka mwenye wazo la laminesheni. Anwani ziko nyuma ya bahasha. Ziandikie familia hizo mapema. Nusu ya mazungumzo bila nusu nyingine itakuacha ukikisia maswali kutokana na majibu.

Nimeliacha la babu yako, yule mdogo wake babu, mwisho kwa sababu ndilo zito, na ndilo lililomfanya baba aandike miaka yote hiyo.

Mzee wa Mombasa anaeleza tukio la kweli. Mapema Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba askari uliondoka bandari ya Kilindini kwenda Colombo, ukisindikizwa na manowari kubwa Hawkins na mbili ndogo za kasi, Petard na Paladin. Meli mojawapo iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu 996 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na mabaharia, wauguzi na wanawake wengine wa huduma za jeshi. Jumamosi mchana, tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani namba I-27 iliipiga torpido mbili. Ilizama kwa dakika chache tu. Askari wengi walikuwa sehemu za chini na hawakupata nafasi ya kutoka. Watu 1,297 walikufa. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake 6.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo ukitafuta utakutana nayo, na ni heri uisikie kwangu kwanza. Nyambizi ilijificha chini ya mahali ambapo walionusurika walikuwa wakielea. Manowari za kusindikiza zilikuwa na meli nyingine nne za askari za kulinda, nazo zikarusha mabomu yanayolipukia chini ya maji. Mshindo wake uliwaua baadhi ya waliokuwa wakiogelea. I-27 iliibuka, ikapigwa na mwishowe ikazamishwa na Petard. Wako waliotetea uamuzi ule na wako walioulaumu maisha yao yote. Mimi naona makamanda wale walikuwa kati ya mabaya mawili na dakika chache za kuchagua, lakini sitakuambia kwamba hilo linaupunguza uchungu wa familia.

Na mwalimu wa Kondoa usimdharau. Nyambizi za Wajerumani zilifika kweli upande huu wa Afrika katika Vita vya Pili. Novemba 1942 mojawapo, U-177, iliizamisha Nova Scotia karibu na pwani ya Natal, ikiwa imejaa mateka wa Kiitaliano. Mwaka huo huo nyambizi za Japani zilikuwa zikiwinda meli kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji. Na wakati wa vita habari za kuzama kwa meli za askari hazikutangazwa ovyo. Familia ilipata taarifa fupi, mengine yakajazwa na uvumi wa askari waliorudi. Mtu wa bara aliyesikia "nyambizi" na "bahari" angeweza kabisa kuziunganisha na Mjerumani na Unguja.

Lakini, binti yangu, sijasema kwamba babu yako alikuwa ndani ya Khedive Ismail. Ninachosema ni kwamba tukio lipo, kikosi ni cha mizinga na mwaka unaoana. Hayo matatu ni sababu nzuri ya kutafuta, ila si jibu. Askari wengi wa Keya (King's African Rifles) na wa mizinga kutoka Tanganyika walikufa Burma mwaka huohuo, kwa risasi na kwa maradhi, na kwa familia za nyumbani wote walikuwa "waliokwenda na hawakurudi".

Kutafuta kwenyewe kunawezekana na hakuna gharama. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina kwenye intaneti inayotafutika bure kwa jina, kikosi, tarehe ya kifo na namba ya jeshi. Askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliopotea na Khedive Ismail, zaidi ya 600, wameandikwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana wako kwenye mnara wa Rangoon, huko Taukkyan. Usianze na jina. Anza na tarehe 12 Februari 1944 na kikosi cha mizinga, kisha pitia majina yote kwa jicho. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia: jina la Kigogo linaloanza na Chi- huenda aliliandika Ki- au kwa namna nyingine ya ajabu, huenda aliweka jina la baba likawa la ukoo, huenda aliandika jina la ubatizo peke yake. Ukipata jina linalofanana, hapo ndipo utazame namba ya jeshi, na uilinganishe na karatasi yoyote iliyobaki nyumbani: cheti, barua ya serikali, hata namba iliyochongwa kwenye kisahani au mkanda.

Msipompata kwenye orodha, msihitimishe kwamba hakuwapo. Wako Waafrika waliotumikia vita hivi ambao majina yao hayakuwekwa vizuri, na Tume hupokea maombi ya familia yenye ushahidi. Hapo barua za baba zitakuwa sehemu ya ushahidi, ndiyo maana sitaki kusikia habari ya kuzichoma.

Kuhusu mahali pa kuziweka, mna njia mbili za maana. Ya kwanza ni kubaki nazo nyumbani. Hali ya hewa ya Dodoma inawasaidia, maana ukungu hausumbui sana hapa kama pwani, lakini joto la chini ya bati na vumbi vinakausha karatasi mpaka ikatike kwenye mikunjo. Toeni sanduku chini ya kitanda. Liwekeni chumba chenye kivuli, juu ya matofali au meza, mbali na ukuta, mlikague kila mwezi kwa ajili ya mchwa. Msinyunyize dawa ya wadudu juu ya karatasi. Njia ya pili ni kuzikabidhi Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo ina kituo hapa hapa Dodoma. Faida ni usalama na kwamba watafiti watazisoma. Hasara ni kwamba mkitaka kuzisoma mtakwenda kwa utaratibu wao, na si kila sanduku hukubaliwa. Mimi ningepiga picha zote kwanza, nikakaa nazo mwaka mmoja tukizisoma kifamilia, ndipo nikabidhi.

Picha kwa simu zinatosha. Laza barua mezani karibu na dirisha, mchana, bila kuwasha taa ya simu, upige mbele, nyuma na bahasha, kila faili ulipe jina la mwaka, mwezi na siku. Hifadhi nakala sehemu mbili. Kwenye kundi la ukoo rushani zinazomhusu babu. Zile nyingine subirini. Karatasi ni zenu, lakini maneno ni ya walioandika, na wazee huandikiana pia habari za ugonjwa, madeni na watoto wao. Familia zao ziulizwe kwanza.

Yapo mambo msijaribu wenyewe. Mkikuta karatasi zimegandana, zimeliwa na mchwa zikabaki kama wavu, au zina ukungu mweusi au wa kijani, zifungeni kwenye karatasi safi kavu, zitengeni na nyingine, mwende nazo kwa mtu wa nyaraka ana kwa ana. Ukungu unadhuru kifua pia. Na kama sanduku lina medali au kitabu cha malipo cha jeshi, usimpe mnunuzi yeyote anayekuja mlangoni kabla mtu anayejua hajakitazama. Idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dodoma nayo iko karibu nawe; mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti angefurahi kusaidia kupanga, ila asimamiwe, na barua zisitoke nje ya nyumba.

Kabla ya hayo yote, nenda kwa shangazi. Usiende kumshawishi asichome, nenda kumuuliza. Yeye ni mtoto wa babu, na mdogo wake babu alikuwa baba yake mdogo. Huenda ndiye pekee aliyebaki anayejua jina aliloitwa nyumbani, jina alilobatizwa kama alibatizwa, alichukuliwa akiwa kijiji gani, na nani alileta habari ya kifo. Mwache azungumze kwa lugha anayoipenda, Kigogo kama ni Kigogo, uandike kama anavyosema bila kusahihisha. Akichoka, acha, urudi siku nyingine. Majina atakayokutajia ndiyo utakayoyatafuta kwa jicho kwenye ile orodha ya Nairobi.